Alazwe Kliniki au Arudi Nyumbani? Tathmini ya Huduma ya Kumfunga Kizazi Mbwa Mdogo Jijini Kampala

Kliniki ninayoitathmini hapa iko upande wa kusini wa Kampala, juu kidogo ya Barabara ya Ggaba, na jina lake sitalitaja kwa sababu sehemu ya nitakayoyasema si sifa. Tulimpeleka huko mbwa wetu wa kike, Pamba, Spitz wa Kijapani mwenye uzito usiofika kilo sita, ili afungwe kizazi. Huduma hiyo huuzwa kwa namna mbili: ama mbwa hupasuliwa asubuhi na mwenyewe kumchukua siku hiyohiyo, ama hulazwa wodini usiku mmoja na kuendelea kwa malipo ya ziada. Upasuaji uliniridhisha, lakini wodi niliikataa. Kwa kuwa mbwa wa aina hii wamejaa siku hizi kuanzia Kansanga hadi Ntinda, na kila mwenye naye hufika siku ya kuamua alazwe wapi, nadhani sababu zangu zinafaa kuandikwa kwa kirefu.

Nianze kwa kuwapa haki yao. Kumfunga kizazi mbwa wa kike ni kazi kubwa kuliko kumhasi dume, kwa maana dume hufanyiwa kazi nje ya tumbo, ilhali jike hufunguliwa tumbo na kutolewa ovari, mara nyingi pamoja na mfuko wa uzazi. Daktari alitueleza hayo kabla hatujatia saini karatasi yoyote. Alimpima Pamba uzito kwenye mizani badala ya kukisia kwa macho, akasikiliza moyo, akatazama fizi, akauliza habari za chanjo na za kupe. Swali la kupe halikuwa la kupitisha muda, kwani magonjwa yanayoenezwa na kupe hapa kwetu hupunguza damu na chembe zinazoigandisha, na mbwa mwenye ugonjwa huo anaweza kuvuja damu hata mkono wa mpasuaji uwe mwepesi namna gani. Alituagiza tusimpe chakula kuanzia usiku wa manane ila maji tumwachie hadi alfajiri, na akampanga kuwa wa kwanza asubuhi, kwa kuwa mbwa mdogo akikaa na njaa muda mrefu sukari ya damu yake hushuka. Cheti cha usajili cha daktari kilikuwa kimetundikwa ukutani mahali pa kusomeka, jambo ambalo kila mteja anapaswa kulitazama kabla ya kuuliza bei.

Mshono wenyewe ulikuwa mfupi, safi, wenye nyuzi zilizopangika, na manyoya yalinyolewa kwa kiasi bila kuacha mikwaruzo ya wembe. Pamba alitoka chumba cha upasuaji akiwa amewekewa dripu, amefunikwa taulo, na amekwisha kuchomwa sindano ya maumivu. Hapo sina neno.

Wodi ni chumba kirefu nyuma ya jengo, chenye vizimba vya chuma vilivyopangwa ghorofa mbili upande mmoja na vizimba vikubwa vya chini upande mwingine. Mchana panapendeza. Dada anayehudumia anapapiga deki kwa maji yenye Jik, kila kizimba kina karatasi inayoonyesha dawa na saa ya kuitoa, na mbwa anapoamka kutoka kwenye nusukaputi huwa kuna mtu wa kumgeuza na kumfuta mate. Harufu ya Jik ilinipa moyo zaidi kuliko rangi nzuri ya kuta, kwa sababu kirusi cha parvo, ugonjwa wa kuhara unaoua mbwa, hakiuawi na sabuni ya kawaida na kinaweza kukaa sakafuni kwa miezi mingi. Lakini katika chumba hichohicho, vizimba vichache kutoka kwa Pamba, alikuwamo mbwa mkubwa aliyekuwa akikohoa kikohozi kikavu cha kukwaruza. Kikohozi cha namna hiyo husafiri kwa hewa, na mbwa mwenye mshono mbichi tumboni akikishika, kila anapokohoa anauvuta mshono wake. Kliniki inayolaza wagonjwa na waliopasuliwa chini ya paa moja bila ukuta kati yao imekwisha kunipa nusu ya jibu.

Nusu ya pili niliipata kwa kuuliza.

“Dokta, usiku analala na nani?”

“Askari yupo, mama. Analala hapohapo getini.”

“Na dada wa wodini?”

“Huyo anatoka saa moja jioni. Mimi nafika saa mbili asubuhi.”

Namshukuru kwa kusema kweli, kwani wengine hukwepa swali hilo kwa kusema tu kwamba mbwa “ataangaliwa”. Kuanzia saa moja jioni hadi saa mbili asubuhi ni saa kumi na tatu, na askari, kwa heshima yote, ameajiriwa kuwatazama wezi. Hana habari ya fizi zilizopauka wala tumbo linalojaa. Malipo ya ziada ya kulaza, kwa hiyo, hayakuwa malipo ya uangalizi, yalikuwa kodi ya kizimba.

Usiku wa kwanza ndio unaostahili kulipiwa, hasa kwa mbwa mdogo. Mwili mdogo hupoteza joto upesi kuliko mkubwa, kwa kuwa ngozi yake ni nyingi ukilinganisha na uzito wake, na mnyama aliyenyolewa tumbo, akalowanishwa kwa dawa za kusafishia na kutiwa nusukaputi huwa hawezi kujipasha joto mwenyewe kwa saa kadhaa. Mbwa mwenye afya huwa na joto la kati ya nyuzi 38 na 39 hivi. Likishuka sana, mwili huchelewa kuitoa dawa ya usingizi, na kadiri inavyochelewa kutoka ndivyo anavyozidi kulala na kupoa. Watu husema Kampala ni mji wa joto, nao husahau kwamba uko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na usiku wa mvua sakafu ya saruji huwa baridi ya kutetemesha. Kliniki ina kitanda cha umeme cha kupasha joto, na nilikiona kikifanya kazi, lakini jenereta yao imeunganishwa na chumba cha upasuaji peke yake. Umeme ukikatika usiku, na hakuna mkazi wa jiji hili anayehitaji kuelezwa habari za umeme kukatika, kitanda hicho kinabaki kuwa plastiki baridi chini ya mbwa.

Jambo la pili la usiku huo ni damu. Kuvuja kwa ndani baada ya kufungwa kizazi si jambo la kila siku, lakini likitokea hutokea zaidi katika saa za mwanzo, na dalili zake huonekana tu kwa mtu aliye karibu: fizi kuwa nyeupe, pumzi kwenda mbio, tumbo kuvimba, mbwa kushindwa kuinua kichwa ilhali saa moja kabla alikuwa akiinua. Ukibonyeza ufizi kwa kidole na kuuachia, rangi yake ya waridi inatakiwa kurudi kabla ya sekunde mbili kupita. Kipimo hicho hakina gharama, ila kinadai kidole cha mtu aliye macho.

Sisemi kwamba kila mbwa arudishwe nyumbani. Palipo na muuguzi au daktari anayekesha, mbwa aliyepata tatizo wakati wa upasuaji abaki. Vivyo hivyo mbwa mzee, mwenye pua fupi ambaye pumzi yake ni ya tabu hata akiwa mzima, au aliyefunguliwa tumbo akiwa tayari ni mgonjwa wa kizazi. Chuo Kikuu cha Makerere kinafundisha udaktari wa mifugo na kina kliniki ya wanyama wadogo, kwa hiyo kwa mbwa mwenye hatari kama hizo ni mahali pa kwenda kuuliza mapema kuhusu utaratibu wa usiku. Kwa wasomaji wa Arua na Koboko, kaskazini-magharibi mwa Uganda, ambako daktari aliye karibu mara nyingi kazi yake kubwa ni ng’ombe na mbuzi, hesabu ni nyingine: kama umemsafirisha mbwa mbali kumpeleka kwa mpasuaji, usimrudishe njiani siku hiyohiyo kwenye basi la vumbi, lala kwa ndugu aliye mjini pamoja na mbwa wako, au mlaze kliniki baada ya kuuliza swali lile la usiku. Jibu likiwa ni askari, tafuta ndugu.

Zipo pia nyumba za kulelea mbwa ambako wenye safari huwaacha wanyama wao, na mmoja wa jirani zangu alinishauri nimpeleke Pamba hapo ili “apumzike na wenzake”. Mbwa aliyeshonwa hatakiwi kuwa na wenzake. Atarukaruka, atalambwa, atabweka usiku kucha, na walezi wa huko, hata wawe wapole vipi, hawakupewa kazi ya kuwapa wanyama dawa.

Ilibaki nyumbani kwetu, na nyumbani kulikuwa na mjadala wake, ambao najua nyumba nyingi za Waswahili hapa Uganda zinaujua. Mama mkwe anaishi nasi, anaswali vipindi vyote, na kwa mujibu wa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, mate ya mbwa ni najisi inayohitaji kuoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Pamba hulala barazani siku zote na haingii sebuleni. Nilimweleza mama kwamba baraza halifai mara hii, kwa ajili ya baridi na inzi, akafikiri kidogo kisha akasema, “Mgonjwa hatupwi nje. Mpeni stoo, mlango wake ufungwe, na kanga zangu msimpe.” Stoo yetu iko kando ya jikoni, ina sakafu ya vigae, dirisha dogo lenye wavu na mlango wake wa kutokea uani, kwa hiyo mbwa angeweza kutoka kukojoa bila kupita ndani ya nyumba. Vyombo vyake vilikaa humohumo, na aliyemhudumia aliosha mikono na kubadili nguo. Nyumba yenye mpangilio wa namna hiyo haina haja ya kizimba cha kukodi, na mwenye sala hakosi mahali pake pa tohara.

Matandiko ndiyo yaliyotaka akili zaidi. Wapo inzi hapa kwetu wanaotaga mayai kwenye udongo wenye unyevu na kwenye nguo zinazoanikwa, na funza wao wakitotoka hupenya ngozi ya mtu au ya mbwa na kuota humo kama jipu. Tumbo lililonyolewa ni mlango wazi kwao. Mashuka yote mawili ya Pamba yalifuliwa, yakakaushwa na kupigwa pasi ya moto pande zote mbili hadi kwenye mapindo, vilevile tunavyopiga pasi nepi za mtoto mchanga, na hakuna lililoguswa na nyasi za uani baada ya hapo. Kliniki haikutuambia lolote juu ya hilo. Karatasi yao ya maagizo inaonekana imenakiliwa kutoka nchi isiyo na inzi hao. Kwa joto, tulitumia chupa za plastiki zilizojazwa maji ya moto, kila moja ikiwa imefungwa kwa taulo na kuwekwa kando yake, si chini yake, kwani mbwa aliye nusu usingizini akilalia kitu cha moto hawezi kujiondoa na ataungua bila kulia.

Saa ya kumchukua pia ni sehemu ya uamuzi. Kwa kuwa alipasuliwa wa kwanza asubuhi, mchana alikwisha kusimama kwa miguu yake, na tuliondoka kabla magari hayajaanza kubanana kuelekea Kabalagala. Ukipangiwa upasuaji wa adhuhuri, utakabidhiwa mbwa aliyelewa dawa katika saa ambayo barabara ile haisogei, naye atatapika kwenye gari huku huna pa kusimama. Bodaboda isifikiriwe kabisa, hata kama mbwa anaenea kwenye boksi la maziwa: mashimo, matuta na mkono mmoja wa kumshikilia havipatani na tumbo lililoshonwa saa chache zilizopita.

Usiku ule alipewa chakula kidogo, wali laini na kuku asiye na mafuta, kiasi kisichozidi nusu ya mlo wake, akala. Alitetemeka kidogo na kulia sauti ya chini, mambo ambayo daktari alikuwa ametuonya kwamba ni ya dawa kuisha mwilini. Dawa ya maumivu ya siku zilizofuata ilikuwa ya maji, ya kupimwa kwa bomba la sindano kulingana na uzito, na kutolewa baada ya kula. Hapa nasisitiza kwa sababu nimesikia watu dukani wakishauriana: usimpe mbwa Panadol, ibuprofeni wala diklofenaki kutoka kwenye kabati lako. Dozi inayomtuliza mtu mzima inaweza kumharibu mbwa wa kilo tano ini, figo au tumbo, na hata yule aliye na dawa yake ya daktari akiongezewa nyingine ya jamii hiyo hupata vidonda vya tumbo.

Siku zilizofuata zilihitaji subira kuliko ujuzi. Kidonda hutazamwa asubuhi na jioni penye mwanga mzuri. Wekundu mdogo kandokando ya mshono ni wa kawaida, lakini majimaji, harufu, uvimbe unaokua au nyuzi zilizoachia ni sababu ya kurudi kliniki bila kungoja Jumatatu. Haogi mpaka nyuzi zitolewe, kazi ambayo kwa kawaida hufanyika kati ya siku ya 10 na ya 14. Hapandi ngazi, hapandi kiti, hakimbizwi na watoto. Hutembezwa kwa kamba fupi kwenda haja na kurudi. Mwenye dume aongeze moja: dume aliyehasiwa anaweza bado kutia mimba kwa wiki kadhaa, kwa hiyo asiachiwe geti wazi kwa kuamini kwamba kazi imekwisha.

Kola ya plastiki ya kumzuia kulamba mshono, tuliyouziwa kliniki, ilikuwa ya mbwa mkubwa zaidi, ikawa inagonga kila mlango na kumzuia kufikia bakuli. Kola sahihi hupita ncha ya pua kwa upana wa kidole au viwili na kukaa shingoni bila kunyonga. Walipoambiwa hawakuwa na ndogo zaidi, na fedha hawakurudisha. Mwishowe tulinunua soko la Owino fulana ya mtoto mchanga ya mtumba, ile inayofungwa kwa vifungo kati ya miguu, tukaifua, tukaipiga pasi, tukatoboa tundu la mkia, na Pamba aliivaa kwa utulivu mkubwa. Kwa mbwa anayelamba tu inatosha. Kwa anayetafuna nguo, rudi kwenye kola, kwani atakula fulana na nyuzi pamoja.

Kwa upande wa bei, usiku mmoja wodini ungeongeza karibu theluthi ya gharama ya upasuaji, bila chakula. Fedha hiyo haikuwa ndiyo iliyonizuia. Ningelipa mara mbili kama pangekuwa na mtu wa kukesha. Walichokifanya vizuri baada ya sisi kuondoka ni simu: daktari alipiga mwenyewe usiku ule kabla ya saa nne kuuliza kama amekojoa na kama fizi ni za waridi, na alijibu nilipompigia kuhusu uvimbe mdogo chini ya mshono, akaniomba nimtumie picha, akaona kwamba ni wa kawaida wa nyuzi za ndani, nao ukaisha. Huduma hiyo haikuwamo kwenye risiti.

Kwa hiyo mbwa mdogo mwenye afya ningempeleka tena kwao apasuliwe, na ningewapa alama za juu kwa kazi ya mezani na kwa uangalizi wa simu. Wodi yao ya usiku nisingemshauri mtu ailipie mpaka waweke ukuta kati ya wanaokohoa na walioshonwa, waunganishe jenereta na kitanda cha joto, na wamwajiri mtu wa kukaa ndani. Kutoa nyuzi kumo ndani ya bei ya mwanzo, lakini liandikwe kwenye risiti kabla hujaondoka, kwa kuwa msichana wa mapokezi tuliyemkuta siku ya kutoa nyuzi hakuwa na habari, na tulisubiri mpaka daktari alipotoka chumbani akamwambia atupitishe.